Mwenye Picha Hajaja

Juzi nilisimama kwa seremala mmoja kando ya Kangundo Road, natafuta stuli ya jikoni. Kijana wake alikuwa anapaka kabati vanishi, na ile harufu kali, yenye utamu kidogo kama wa ndizi iliyoiva kupita kiasi, ikanipanda puani nikasahau stuli. Nilikuwa tena msichana wa darasa la tano, nimekalia katoni iliyofungwa kamba, miguu haifiki chini, macho yangu ukutani kwenye bahari iliyochafuka.

Baba yangu alikuwa fundi wa fremu. Kibanda chake kilikuwa barabara ya Baba Dogo, karibu na viwanda, na sisi tuliishi Lucky Summer, vyumba viwili vya kupanga kwenye ploti yenye geti lisilofunga vizuri. Wateja walimletea picha za harusi na za mahafali, watoto waliobatizwa, na marehemu waliotolewa kwenye kitambulisho wakakuzwa mpaka nyuso zikawa kama zimechovywa kwenye maziwa. Kila picha ilikuwa na mtu ndani, na kila mtu alikuwa anatutazama. Ndiyo maana tulishangaa jioni ile Baba alipoingia na picha isiyotazama mtu yeyote.

Aliibeba kwa mikono miwili, ameifunika koti lake la mvua, yeye mwenyewe amelowa mpaka viatu vinalia.

"Msiguse," alisema kabla hata ya kutusalimia.

Aliiegemeza kwenye kochi, akafunua koti taratibu kama mtu anayeamsha mtoto. Zilikuwa merikebu tatu za zamani, zile za matanga, katikati ya tufani. Bahari ilikuwa ya kijani kilichochanganyika na kijivu, imenyanyuka pande zote kama vilima. Merikebu kubwa ilikuwa imelala ubavu, tanga lake moja limechanika na kupeperuka kama shuka kwenye kamba ya nguo. Ya pili ilikuwa imepanda juu ya wimbi, na watu wadogo kama siafu walikuwa wameshikilia kamba. Ya tatu ilikuwa mbali sana, huoni kama inakuja au inakwenda. Karatasi yenyewe ilikuwa na madoadoa ya kahawia kwa sababu ya umri wake, na pale juu kwenye kona mawingu yalikuwa yameachana kidogo, yakaacha mwanya wa njano usiotosha kumulika chochote.

"Ni ya mzee mmoja wa Buruburu," Baba alisema. "Aliinunua kwa mnada zamani sana, sisi hatujazaliwa. Kioo kilivunjika, nimemwekea kipya. Alisema atakuja baada ya wiki, na kibanda kinavuja. Hii ni rangi ya maji. Tone moja likiingia, bahari yote inaondoka."

Mdogo wangu Simiyu aliitazama, akauliza maji mengi hivyo yametoka wapi, na sisi mfereji wetu umekauka tangu Jumapili. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nakikumbuka kicheko hicho, kwa sababu ndicho cha mwisho alichoicheka picha ile kwa muda mrefu.

Baba aliitundika sebuleni, mbali na dirisha, mbali na jiko, mahali ambapo bati lilikuwa zima. Na kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikutulia. Wageni walikaa kwenye kochi wakainuka bila kumaliza chai, wakisema kichwa kinazunguka. Jirani yetu Mama Atieno, aliyekuwa akipika githeri, mahindi na maharagwe, ya kuuza, alisimama mbele yake siku moja mwiko mkononi akamtafuta Bwana Yesu katika kila merikebu. Alipomkosa alisema basi hiyo si dhoruba ya Biblia, na dhoruba isiyo ya Biblia ina faida gani sebuleni kwa watu? Mimi na Simiyu tulibishana kutwa nzima ni ipi itazama kwanza. Nikiwa nafanya kazi ya shule nilihisi mawimbi yakisogea pembeni mwa jicho, nikiinua kichwa yametulia, nikiinamisha yanasogea tena. Hata nilipokuwa nimeketi nilikuwa kama mtu aliye njiani.

Na kwa kweli tulikuwa njiani. Mama alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni. Alirudi jioni ananukia limau na moshi wa mashine. Yeye na wanawake wenzake wa kiwandani walikuwa na chama chao cha kuweka akiba, na kwa miaka mingi, kidogo kidogo, alikuwa amenunua kipande cha ardhi Njiru. Kisha akaanza kujenga. Jumapili baada ya kanisa alivaa viatu vya mpira akaenda kusimamia mafundi, akarudi na udongo mweusi mpaka magotini, uso unang'aa. Alitueleza kila kitu: leo wamefika lenta juu ya madirisha, leo wamepiga bati, leo kuna mlango. Baba alisikiliza huku akisugua ukingo wa fremu kwa msasa. Alisema ni vizuri. Alikwenda huko mara moja tu. Alisimama nje ya geti, akasema ni pazuri kweli, akakumbuka kuna kazi ya mtu hajamaliza, akarudi.

Nyumba ilipokuwa tayari Mama alianza kufunga vitu. Tuliishi ndani ya katoni. Ulitaka kijiko, ulifungua katoni. Mapazia yalishuka, madirisha yakabaki uchi, sauti zetu zikaanza kurudi kutoka ukutani. Kitu pekee kilichobaki mahali pake kilikuwa picha ile, na kila Mama alipotaja siku ya kuhama, Baba aliitazama.

"Na mwenye picha akija akute tumehama?"

"Si anajua kibanda kiko wapi?"

"Anaweza kuja siku ambayo sipo, watu wamwelekeze hapa. Subiri kidogo, Mama Nekesa. Mali ya mtu si kitu cha kuchezea."

Nekesa ni mimi. Na Mama alisubiri. Pasaka ikapita. Shule zikafunguliwa. Kila jioni alipoingia aliuliza neno moja, "Amekuja?" na Baba akatikisa kichwa, "Mwenye picha hajaja." Simiyu akalifanya wimbo, akaliimba akiruka kutoka katoni moja hadi nyingine, mpaka Mama akamwambia akome.

Kipindi hicho nilikuwa nikipita kibandani kwa Baba nikitoka shule. Nilipenda kukaa pale kwenye vumbi la mbao nikimwangalia akiunganisha kona, jinsi alivyofumba jicho moja kuona kama zimekutana. Majirani wa kibanda walikuwa vijana waliokuwa wakiosha magari, na mmoja wao, Kevo, alikuwa na mdomo mrefu. Siku moja, mbele ya wateja, aliita kwa sauti:

"Niaje buda! Nasikia unaenda kuolewa Njiru! Utavalishwa gauni ama?"

Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilimwona Baba kwenye akili yangu amevaa shela. Baba naye alicheka. Lakini msumari aliopiga baada ya hapo ulipinda, na uliofuata ukapinda, naye akaweka nyundo chini akasema twende nyumbani, leo mkono umechoka.

Jumamosi moja, bila kumuuliza tena, Mama alileta pikapu. Ilirudi nyuma mpaka mlangoni, majirani wakatoka kusaidia. Meza ilikuwa imeshapandishwa, magodoro yamekunjwa, Mama Atieno ameshika upande mmoja wa kitanda na mimi nimeshika mito, wakati Baba alipoingia akasimama mbele ya picha na mikono yake nyuma.

"Na hii?"

"Tunakwenda nayo," Mama alisema.

"Na mwenyewe?"

"Mpigie simu."

"Simu yake haishiki."

"Basi tumwachie Mama Atieno, akija ataichukua."

"Picha ya rangi ya maji," Baba alisema polepole, "umwachie mtu ambaye nyumba yake ina mvuke wa githeri asubuhi mpaka jioni?"

Mama Atieno aliweka upande wake wa kitanda chini. Dereva alizima injini, akaiwasha, akaizima tena. Mwishowe Mama alimwambia safari imevunjika, na vitu vikateremshwa kimoja kimoja mbele ya ploti nzima. Meza iliporudi ndani Mama alifuta vumbi juu yake, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mimi na watoto tutahama mwisho wa mwezi," alisema. "Wewe ukitaka baki na bahari yako."

Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyotutisha. Mama alipokasirika alipiga kelele, tukajua mvua itakwisha. Safari hii hakukuwa na kelele. Simiyu alinivuta pembeni akaniambia yeye atabaki na Baba, kwa sababu Baba humruhusu kushika gundi, kwa hivyo mimi niende na Mama. Aligawa familia kwa wepisi kama anayegawa peremende. Nilitazama zile merikebu, ile kubwa na ile ya pili, nikajaribu kupima kwa kidole nafasi iliyo kati yao, kama inapungua au inaongezeka.

Jumamosi iliyofuata Baba alikwenda kazini mapema. Mama alisubiri kidogo, kisha akapanda juu ya katoni akaitoa picha ukutani. Aliizungushia leso mbili, juu yake nailoni, juu yake tena blanketi la Simiyu, ambaye alipelekwa kwa Mama Atieno akilalamika. Mimi nikapewa mwavuli.

"Tunaenda wapi?"

"Kumrudishia mtu mali yake, tupumue."

Baba alikuwa ametusimulia tangu mwanzo kwamba mzee yule anaishi Buruburu, kwenye geti la kijani lenye maua ya zambarau, karibu na duka la dawa. Mama alikuwa hajasahau. Anga lilikuwa limefunga, upepo unasukuma karatasi barabarani, na tuliposhuka basi nilitembea kando ya Mama nimefungua mwavuli juu ya picha ingawa hakuna tone lililokuwa limeanguka. Watu walitushangaa. Mama hakujali. Alitembea kama mtu aliyechelewa. Mageti ya kijani yalikuwa mengi, na maua ya zambarau yalikuwa kwenye kila ua, lakini mlinzi mmoja alipotusikia tunauliza mzee mwenye picha ya meli, alitunyooshea kidole bila kusita.

Mzee mwenyewe ndiye aliyefungua. Alikuwa mrefu, amevaa sweta iliyotoboka kiwiko, macho yake mekundu kidogo. Aliliona umbo lile ndani ya blanketi akajua kabla halijafunuliwa.

"Shikamoo, mzee," Mama alisema. "Mimi ni mke wa fundi wa fremu. Tumekuletea picha yako."

Hakuipokea. Alitukaribisha, akamwita msichana wa nyumba alete chai, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kimeupa mgongo ukuta mmoja. Kwenye ukuta huo palikuwa na mraba ambao rangi yake ilikuwa mbichi kuliko rangi ya pande zote, na msumari katikati.

"Mama," alisema, "usiifunue. Tafadhali."

Kisha akatueleza. Mkewe alikuwa amelala pale sebuleni, kwenye kochi lile tulilokalia, ugonjwa ulipomzuia kupanda ngazi. Picha ilikuwa mbele yake. Kila asubuhi aliuliza, "Zimefika?" na mzee akamjibu, "Bado kidogo." Alijibu hivyo mpaka asubuhi ambayo hakuulizwa.

"Kioo hakikuvunjika chenyewe," alisema akitazama mikono yake. "Nilikipiga na kikombe. Halafu nikaona haya, nikaipeleka itengenezwe. Nilipofika mlangoni kwenda kuichukua, miguu ikakataa."

Mama alisema pole, akaisema kwa namna ambayo mzee alitikisa kichwa mara nyingi. Mimi nilishika kikombe cha chai kwa mikono miwili nikiogopa kukiweka mezani.

"Lakini mbona mmejisumbua?" mzee aliuliza baadaye. "Mimi nilimwambia bwana yako. Nilipita pale kibandani kabla ya Pasaka. Nikamwambia sitaichukua. Aiuze, aitupe, aifanye atakavyo. Hakukwambia?"

Nilimtazama Mama. Nilitaka kuona uso wake utafanya nini, na haukufanya kitu. Aliweka kikombe chake juu ya sahani bila sauti.

"Aliniambia," alisema Mama. "Lakini niliona nije mwenyewe nisikie kutoka kwako."

Tulitoka na picha yetu ndani ya blanketi. Mvua ilikuwa imeanza, ya manyunyu, na nilifungua mwavuli. Nilikuwa nimeelewa jambo moja vizuri sana: Baba alikuwa ametudanganya. Kila jioni aliyotikisa kichwa, alijua. Na Mama amemdanganya mzee mchana kweupe mbele yangu, yeye aliyekuwa akinichapa nikidanganya hata kuhusu sukari niliyolamba. Njia yote nilisubiri tu tufike, kwa sababu sasa Mama ana la kusema, na akilisema hakuna atakayehama na mwingine.

Baba alikuwa amesharudi. Alikuwa amesimama sebuleni mbele ya ukuta mtupu, na alipotuona tumebeba blanketi, akageuka rangi. Alielewa tulikotoka. Alikaa kwenye katoni akaweka mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Umeenda kwa mzee," alisema.

"Nimeenda."

"Amesemaje?"

Mama alivua leso moja baada ya nyingine, akazikunja, akaziweka pamoja. Alichukua muda wake.

"Anakusalimia sana," alisema. "Amesema hajaona fundi anayetunza kitu cha mtu namna hii. Amesema picha ni yako, Baba Nekesa. Uitundike nyumbani kwako." Kisha akaongeza, "Kwako Njiru."

Nilifungua mdomo. Mama akanikazia jicho, nikaufunga.

Baba alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, na Mama hakuangalia pembeni. Mvua ikazidi juu ya bati, na Simiyu alisikika nje akidai blanketi lake. Nilidhani Baba atasema samahani, au atasema asante, maana ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Badala yake alijikohoza.

"Sebule ya kule," aliuliza, "jua la jioni linaingia ukuta upi?"

"Ule wa kushoto ukiingia."

"Basi tutaiweka kulia. Jua hula rangi ya maji."

Pikapu ilirudi mwisho wa mwezi kama Mama alivyosema. Baba alikataa picha ipande nyuma pamoja na meza na magodoro. Alikaa nayo mbele, ameipakata. Tulipofika Njiru majirani wapya walikuwa wamesimama kwenye mageti yao kututazama, kama watu wanavyowatazama wageni wa mtaa. Nyumba ilikuwa ndogo, ya mawe, bado inanukia saruji. Baba alishuka na picha yake. Mikono yake yote ilikuwa imejaa. Mama alishuka na chupa ya chai, basi. Akafika mpaka karibu na mlango, akasimama.

"Baba Nekesa," aliita kwa sauti ambayo kila geti lilisikia, "fungua mlango. Mimi mikono imejaa."

Nilikasirika. Nilimwona Baba akihangaika, ameegemeza fremu kwenye goti, ameishikilia kwa kidevu, anapapasa ufunguo ambao Mama alikuwa amemtilia mfukoni, na nikajiuliza kwa nini Mama hawezi kuweka chupa chini akafungua mwenyewe. Ni nyumba yake. Yeye ndiye aliyejua ule mlango unavutwa kwanza ndipo unasukumwa. Nilitaka kukimbia nikamsaidie Baba, lakini Mama alinishika bega, akanibana mpaka ikauma kidogo.

Ilinichukua miaka mingi kuuelewa mkono ule. Ilibidi kwanza niwe na nyumba, na mume, na mwaka ambao kazi ya mume wangu iliisha na yangu ikaendelea, nimwone akizunguka sebuleni kama mgeni asiyejua akae kiti kipi. Hapo ndipo nilipoelewa Kevo alisema nini kibandani, na kwa nini misumari ilipinda. Nilimuuliza Mama siku moja kama hakuumia aliposikia Baba amemdanganya miezi yote ile. Alisema aliumia, tena sana. Alirudi kutoka Buruburu akiyapanga maneno ya kumwambia, na yalikuwa maneno makali, mazuri, hajawahi kupata mengine kama hayo. Kisha akamkuta amekaa juu ya katoni vile.

Lakini siku ile pale mlangoni sikujua lolote. Nilimwona tu Mama amesimama na chupa yake ya chai, hana haraka yoyote, akisubiri Baba afungue, aingie, kisha ageuke atuambie karibuni.